Huhitaji Spika Kubwa Kumsikia Handel

Kuna fikra iliyoenea, hata miongoni mwetu tunaoimba kwaya, kwamba muziki wa Handel, Bach na Mozart si wa mtu aliyepanga chumba kimoja. Watakwambia utamu wake hauji mpaka uwe na sebule yenye zulia, mtambo wa maelfu ya shilingi na utulivu wa shambani. Wengine, na hawa ndio wanaonisikitisha zaidi, wanaupenda kweli muziki wenyewe lakini wanaahirisha kuusikiliza: pesa zikipatikana, wakihamia nyumba kubwa, watoto wakimaliza shule. Mimi ni fundi cherehani hapa Rhonda, Nakuru. Naimba alto kanisani, na karibu kila siku ya kazi nasikiliza muziki huu kwa redio ndogo. Nawaambia wanaongoja kwamba wanapoteza miaka yao bure.

Redio yenyewe niieleze, kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Niliinunua kwa pesa za kushona sare za shule, msimu wa Januari ambapo kazi huwa nyingi. Ina spika moja isiyozidi upana wa kiganja, wavu wa chuma mbele yake, tundu la flashi na la memori kadi, betri ya kuchaji, na antena niliyoifunga kwa uzi wa nailoni pale ilipovunjika. Inakaa kwenye rafu, kati ya boksi la zipu na mikebe ya vifungo. Flashi niliwekewa na kijana wa kwaya yetu anayesoma chuo: Messiah ya Handel nzima, Requiem ya Mozart, muziki wa Bach wa selo pekee, simfoni kadhaa za Beethoven, Missa Luba, na nyimbo chache za Siti binti Saad. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo stima ikikatika kazi haisimami, na muziki pia hausimami.

Sitaficha kinachopotea. Okestra kubwa ina besi ndefu za kusimama ambazo nota yao ya chini kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Selo hushuka hadi mara 65. Spika ndogo kama yangu huanza kuishiwa nguvu mapema sana, ukishuka chini ya mitetemo 200 hivi, na ukifika 100 imebaki na kivuli tu. Ngoma kubwa za Beethoven zinazopaswa kutikisa kiti hutoka kama mtu anabisha mlango kwa kidole. Tena okestra nzima, watu sabini au themanini waliokaa ukumbini kushoto na kulia, mbele na nyuma, wote wanapenya kwenye tundu moja. Anayesema redio ndogo haina upungufu anadanganya.

Lakini sikio la binadamu halipokei tu kile linacholetewa. Nota yoyote ya selo haitoki peke yake. Ile ya mitetemo 65 hubeba juu yake nyingine za 130, 195, 260, na kuendelea, na hizo ndizo zinazoipa rangi ya selo badala ya tarumbeta. Redio yangu inaiangusha ile ya chini, lakini zile za juu inazitoa. Ubongo unazisikia, unazilinganisha, na unaitambua nota ambayo haikutoka kabisa kwenye spika. Wanasayansi wa sauti wamelijua jambo hili kwa muda mrefu, na ndiyo maana hata kwa simu ya kawaida sauti nzito ya baba yako unaijua ni yake, ingawa simu haipitishi sehemu kubwa ya uzito ule. Kwa hiyo besi ya Handel kwenye rafu yangu haijapotea kabisa. Imekonda, lakini mwendo wake naufuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Sauti ya alto inaimba kati ya mitetemo 175 na 600 hivi. Hapo ndipo penye sauti za watu wakizungumza, na hapo ndipo spika ndogo inapofanya kazi yake vizuri kuliko popote. Redio hizi zimeundwa ili mtu asikie habari na mahubiri waziwazi. Matokeo yake ni kwamba sauti za kati, alto na tena, hutokea mbele zaidi kuliko zinavyotokea ukumbini. Mwenzangu yeyote wa alto anajua tabu yetu. Kanisani tuko katikati: soprano wanabeba wimbo ambao waumini wanaujua, besi wanasikika kwa uzito wao, kinanda kinajaza pengo lililobaki, na sisi tunaimba nota zilezile tatu nne bila kujua kama kuna anayetusikia. Nyumbani, kwa redio hii, nimeisikia alto ya Handel kama sikuwahi kuisikia katika miaka yote niliyoiimba.

Chukua korasi ya kwanza ya Messiah. Watu wengi huku kwetu wanaijua ile Haleluya ya Pasaka na Krismasi, iliyo mwishoni mwa sehemu ya pili, lakini hawajawahi kusikiliza kazi nzima. Handel aliitunga mwaka wa 1741 kwa muda wa wiki tatu na siku chache, na ikaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742. Tena wa peke yake ndiye anayetangulia kuimba. Kisha kwaya inapofungua kinywa kwa mara ya kwanza, wanaoanza si soprano. Wanaoanza ni alto, peke yao, kwa mstari mmoja mtamu, wengine ndio wanafuata. Kwa redio ndogo mahali hapo panatoka safi kabisa, hakuna kinachokosekana. Nimewachezea wanawake wa sauti yangu waliokuja kupimwa sare mpya za kwaya. Mmoja alisimama mikono imenyooka, tepu ikiwa bado kiunoni, akaniambia, "Fundi, rudisha hapo tena." Nikarudisha. Hakuna mtambo mkubwa uliokuwepo, na hakuuliza habari ya mtambo.

Kuna kijana jirani anayetengeneza redio na simu, kijana mwenye adabu na mkono mzuri, ambaye kila akipita ananihurumia. "Mama, hii imechoka. Nikutafutie wufa, utasikia mpaka ukuta unaongea." Najua anachosema. Ukipanda matatu kutoka Rhonda kwenda mjini utasikia mpaka mbavu zinaongea, na kwa muziki uliotengenezwa kwa kusudi hilo, vijana wanafurahi na wana haki. Lakini wufa nyingi zinazouzwa kwa bei ya watu wetu ni sanduku jepesi lenye tundu, na sanduku la namna hiyo hupenda nota moja au mbili za chini kuliko zote. Besi ya Bach hutembea, kila nota ikiwa na nafasi yake. Ndani ya wufa hiyo nota zote zinakuwa mvumo mmoja, na mvumo ule unawafunika alto na tena, na maneno yanazama. Nikiambiwa nichague kati ya spika inayoiacha besi na spika inayotia besi ambayo Bach hakuiandika, nitachagua ya kwanza siku zote. Nilimwambia kijana, "Asante mwanangu, niwekee antena tu." Bado hatujakubaliana, na redio bado ni ileile.

Mahali ninaposikilizia pananisaidia, na hili nimelijua kwa kuwa fundi wa nguo. Chumba kitupu cha sakafu ya simenti, kuta ngumu na paa la mabati hurudisha kila sauti mara nyingi, ndiyo sababu kwaya nyingi zikifanyia mazoezi darasani hutoka zikiwa zimechoka masikio. Kibanda changu kimejaa vitambaa. Kuna marobota ya kitenge ukutani, magauni yaliyoning'inizwa, sweta, mapazia ya watu ambao hawajarudi kuyachukua. Kitambaa humeza mwangwi. Siku moja nilihamisha nguo zote ili nipake rangi, nikawasha redio, na Mozart akawa makelele matupu. Ziliporudi nguo, alirudi na yeye. Ukitaka kujaribu nyumbani, tundika blanketi ukutani nyuma ya kitanda, na uiweke redio pembeni kabisa, pale kuta mbili zinapokutana, juu ya kitu kizito kisichotetemeka. Kona huongeza besi kidogo bila kuichafua. Simu kuitia ndani ya sufuria, kama wengi wanavyofanya, kunaongeza sauti kweli, lakini kila chombo kinatoka na sauti ya sufuria. Kwa taarifa ya habari sawa, kwa selo hapana.

Adui mkubwa wa muziki huu mtaani wala si spika. Ni makelele ya nje. Rhonda haina saa ya kimya mchana. Kuna bodaboda, kinu cha kusaga unga, mafundi wa vyuma wakigonga, wahubiri wenye vipaza sauti, watoto wakitoka shule. Muziki wa pop umerekodiwa ukiwa na nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unayashinda makelele. Muziki wa okestra una mahali pa kunong'ona na mahali pa ngurumo, na ukiinua sauti ili usikie mnong'ono, ngurumo ikifika mwenye ploti anakuja mlangoni. Sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba ya Beethoven, ile iliyosikika Vienna kwa mara ya kwanza mwaka wa 1813, baada ya mlio mmoja wa vyombo vya kupuliza, wimbo wake unaanza chini sana, kwa viola, selo na besi, polepole. Mchana kwangu haipo. Unaona tu redio inawaka na hakuna kitu, mpaka zeze ndogo ziingie, na hapo umeshapitwa na nusu ya habari. Mvua ikinyesha kwenye mabati, hata kwaya ya watu mia haifui dafu.

Dawa yake ni kuchagua kinachofaa saa ile. Mchana nacheza kwaya za Handel, kinanda cha Bach, na uimbaji wa mtu mmoja, muziki ambao nguvu yake haibadilikibadiliki sana. Kazi za polepole na za chini naziwekea usiku, baada ya saa nne, bodaboda zikipungua, na hapo ndipo navaa spika za masikioni za bei ya sokoni nilizonunua stendi. Vijispika hivyo vya kamba vinashinda mitambo mingi mikubwa. Okestra inapanuka tena: zeze zinahamia kushoto, besi kulia, kwaya nyuma. Zile sauti za chini ambazo redio ilizikosa zinarudi kwa sehemu kubwa, kwa kuwa spika iliyo ndani ya sikio haihitaji kujaza chumba. Mchana sizivai, maana mteja akiita nisimsikie si jambo zuri, na sindano ya cherehani inataka masikio pia. Na wale wanaobishana kuhusu faili zilizobanwa na zisizobanwa, waache wabishane. Kwa redio kama yangu tofauti hiyo haisikiki, na pesa za kuitafuta ni afadhali ununue flashi nyingine.

Tukumbuke pia kwamba rekodi haijawahi kuwa kitu kamili, hata kwa matajiri. Mwaka wa 1913 Arthur Nikisch aliongoza Okestra ya Berlin kurekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven. Maikrofoni haikuwepo kwenye kazi hiyo. Wapigaji walijisonga mbele ya pembe kubwa ya bati iliyokusanya sauti na kuichora kwenye nta. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne hivi, kwa hiyo simfoni ilikatwa vipande na msikilizaji alibadilisha sahani katikati ya muziki. Besi zilisikika vibaya kiasi kwamba katika rekodi nyingi za wakati huo walitumia mabomba ya shaba badala yake. Maikrofoni ya umeme ilianza kutumika katika kazi hii mwaka wa 1925. Redio yangu ya bei rahisi inatoa sauti bora kuliko chochote walichokuwa nacho watu wa 1913, na watu wale walinunua, wakasikiliza, na wengine wakaamua kuwa wanamuziki kwa sababu ya zile santuri.

Huku kwetu hadithi ni hiyohiyo. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka wa 1928 na kikundi chake, kutoka Zanzibar hadi Bombay, kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Santuri zile zina mkwaruzo, udi na fidla vimebanwa, sauti yake yenyewe imefinywa. Zilichezwa kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono pwani yote na bara, na mwambao mzima ukamjua. Watu waliozisikiliza hawakusema watangoja teknolojia ikomae.

Na hapa Bonde la Ufa kuna jambo ambalo kila mpenzi wa muziki angepaswa kulijua. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mitambo yake akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka wa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kwao na gramafoni, na sauti ile ngeni iliyotoka ndani ya sanduku iliwaingia mpaka wakamtungia wimbo, wakamfikiria kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Fikiria ubora wa gramafoni ile. Fikiria sindano iliyochakaa na santuri iliyosafiri kutoka ng'ambo. Na bado wasichana wale walisikiliza kwa makini kiasi cha kutunga kitu kipya ambacho dunia inakisikiliza mpaka leo, nacho pia kikiwa katika rekodi ya zamani isiyo na besi kubwa. Nakala zake zimerudishwa Kericho miaka ya karibuni, na nadhani zingefaa zichezwe katika kila shule ya Bonde la Ufa.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote kwenye flashi yangu imetoka upande wa pili wa maziwa makuu. Mwaka wa 1958, huko Kamina, Katanga, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, na kwaya ya wavulana na walimu wao walitoa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kiluba, kwa ngoma na sauti tu. Kuna sehemu mwimbaji mmoja anaita, kwaya inajibu kwa sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ngoma inaingia chini yake. Ngoma hiyo redio yangu haiwezi kuitendea haki, nakubali. Lakini yule mwimbaji, jinsi anavyoishusha sauti mwishoni mwa mstari na kuiachia kwaya, hilo linafika lote. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka wa 1990, kwaya yetu ya taifa ya Muungano chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya. Mtu akiwa nazo zote mbili atasikia namna Wakenya walivyoichukua kazi ya Kamina wakaipa mwili mwingine, kwa sauti zilizofundishwa kwa ukali zaidi. Kulinganisha hivyo ndiyo raha ya rekodi ambayo hata ukumbi mzuri hauwezi kukupa, kwa kuwa ukumbini wimbo ukipita umepita.

Najua jibu la wanaonipinga: kusikia moja kwa moja ni bora. Ni kweli. Niliwahi kusafiri na wenzangu wa kwaya hadi Nairobi kusikiliza okestra ukumbini, na besi zilipoanza kupigwa nilizisikia kifuani kabla ya masikioni. Machozi yalinitoka. Nairobi ina Okestra ya Nairobi tangu miaka ya 1940, na ina watoto wa Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, wanaojifunza zeze na tarumbeta Korogocho. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini okestra kamili haiji Rhonda, na nauli, kiingilio na siku nzima ya kazi iliyopotea si kitu cha kila mwezi. Safari ile haikuniharibia redio yangu, kama wengine walivyonitisha. Niliporudi nikacheza kazi zilezile, nikagundua kwamba sikio sasa lilijua mahali pa kuongeza. Ukishakisikia kitu kikiwa kizima, hata mara moja, sehemu yake inatosha kukurudishia kilichobaki.

Hata wasioweza kufika Nairobi wana njia nyingine ya kulifundisha sikio, nayo ni kuimba. Siku hizi mwalimu wa kwaya anarekodi kila sauti kwa simu, anatuma kwenye kundi la WhatsApp: alto yenu hii, tena yenu hii. Mwimbaji anasikiliza akifua, akipika, akienda kazini. Ni rekodi mbaya kuliko zote duniani, mtu mmoja kwa simu ya mkononi, jogoo akiwika nyuma, na kwa rekodi hiyo kwaya zinapanda jukwaani kwenye tamasha za muziki na kushinda. Ukishajifunza mstari mmoja wa Handel kwa solfa, redio yoyote ile inakuwa kubwa, kwa sababu unajua ndani yake kuna nini na unakitafuta. Anayelalamika kwamba spika yake haimpi muziki wa kutosha, mara nyingi namuuliza kama anaweza kuimba sauti ya pili ya wimbo anaousikiliza. Wengi hawajajaribu.

Kinachokosekana Nakuru si mitambo. Ni mazoea ya kusikiliza pamoja. Kwaya zetu huanza wimbo mpya kwa karatasi ya solfa, mwalimu anapiga ubao kwa fimbo, kila sauti inakariri nota zake kwenye kona yake, na wiki tatu zinapita kabla ya mtu yeyote kujua wimbo mzima unasikikaje. Nimeona waimbaji wazuri wakiacha kwaya hapo, kwa kuchoka. Stesheni za redio za hapa kwetu nazo, zenye vipindi vya saa nzima vya mizaha, hazijatupa hata nusu saa kwa wiki ya kwaya na okestra, na mji huu una waimbaji wa kutosha kuijaza nusu saa hiyo kwa maombi yao.

Kwa hiyo walimu wa kwaya wa Rhonda, Kaptembwo, Ponda Mali na Nakuru nzima, ombi langu ni hili. Mazoezi ya Krismasi yanakaribia na wengi wenu mmeshachagua kipande cha Messiah. Kabla hamjagawa karatasi, njooni na redio mliyo nayo, iwekeni kwenye kona ya kanisa, zimeni kinanda, na muwachezee waimbaji wimbo wote mara mbili. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili kila mmoja afuate sauti yake. Asiye na rekodi aje kwangu na flashi, nitamnakilia bila malipo.